Injini ya Kubadilisha Inakula Oili: Ipi ni Aibu ya Muuzaji na Ipi Si Yake?



Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta‘aalaa), na Swalah na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake. Ama ba‘ad.

Tumepokea swali la mama yetu mmoja wa Unguja ambaye wanawe wawili hawasemeshani. Mdogo yuko Sumbawanga, mkoani Rukwa, anaendesha gari ya abiria. Injini ya gari yake ilikufa, akampigia simu kaka yake aliyekuwa Dar es Salaam kwa shughuli zake, amtafutie nyengine. Kaka akanunua injini ya mtumba iliyotoka Japani, akaipakia kwenye lori, ikafika na ikafungwa. Wiki tatu baadaye mdogo akasema injini inakula oili, “natia lita moja kila siku mbili”. Fundi wa huko amepima na kumwambia imechoka. Muuzaji naye anasema risiti imeandikwa wazi kuwa mali ikishauzwa hairudi. Sasa mdogo anamtuhumu kaka yake kuwa alinunua ya bei rahisi, tofauti akatia mfukoni. Mama anauliza nani mwenye haki, na je, mwanawe anaweza kutia oili nzito moshi upungue, kisha aiuze gari aepukane nayo?

Hilo la mwisho tutalifikia. Tuanze na jambo ambalo pande zote tatu zimeliruka, nalo ni kujua kama ipo aibu au haipo, na kama ipo, imetoka wapi. Kadhi hawezi kuhukumu juu ya ng’ombe mgonjwa kabla ya wajuzi wa mifugo kumtazama. Injini ni vivyo hivyo. Kwa ajili hiyo tulikaa na mafundi tunaowaamini hapa kwetu, na yanayofuata juu ya injini tumeyapata kwao na katika vitabu vya watengenezaji.

Kila injini hula oili kidogo. Pistoni inapopanda na kushuka huacha utando mwembamba wa oili kwenye ukuta wa silinda, na sehemu ya utando huo huungua pamoja na petroli. Vitabu vingi vya magari vinataja lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa ndio ukomo, na injini nzima hula chini ya hapo kwa mbali. Kwa mfano, Toyota ilipowaandikia mafundi wake wa Marekani mwaka 2011 kuhusu injini ya 2AZ-FE, iliyokuwa na tabia hii kutokana na pistoni na ringi zake, ilihesabu kuwa imepita kiasi ikimaliza karibu lita moja kabla ya maili 1,200, yaani kama kilomita 1,900. Injini ya 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo, ambayo imo katika magari mengi yaliyoletwa kwetu, nayo inajulikana kwa ugonjwa huo huo. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake yalikuwa madogo, yakaziba kwa masizi. Tunayataja haya ili msomaji ajue kuwa injini inaweza kula oili bila ya kuwa mwenyewe ameidhulumu wala muuzaji ameichezea.

Turudi kwa kijana wetu. “Lita moja kila siku mbili” si kipimo. Kutoka Sumbawanga hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 220. Dereva anayekwenda na kurudi kila siku atakuwa ametembea karibu kilomita 900 kwa siku mbili, na lita moja kwa masafa hayo iko ukingoni mwa ukomo. Mwengine anayezunguka mjini tu, kilomita 80 kwa siku, akitia lita moja kila siku mbili, basi injini yake inahitaji matibabu makubwa. Maneno ni yale yale, hukumu mbili tofauti kabisa.

Basi apime hivi. Gari isimame mahali pa tambarare, usiku kucha. Asubuhi kabla ya kuwasha, ajaze oili mpaka alama ya juu ya kijiti, aandike kilomita zilizopo kwenye dashibodi, na apige picha vyote viwili. Atembee kilomita 1,000 huku akitazama kijiti kila asubuhi, maana kuipima injini si ruhusa ya kuiua. Kila anapoongeza aongeze kwa chupa yenye alama za ujazo na aandike. Mwisho arudi mahali pale pale, ajaze tena mpaka alama ile ile, ajumlishe. Karatasi hiyo ina faida kubwa zaidi kuliko mayowe ya simu, na tutaona chini kwa nini.

Kabla ya hapo kuna makosa mawili ya ufungaji ambayo mafundi walitutajia kwanza, kabla hawajasema lolote juu ya ringi. La kwanza ni kijiti cha kupimia. Injini inapobadilishwa, mara nyengine fundi huhamisha sampu au kijiti cha injini ya zamani, na alama zake hazilingani na injini mpya. Mwenye gari anajaza “mpaka juu” kumbe amepitiliza, na oili iliyozidi hupigwa na krenki, hupanda na kuungua. Akiona imepungua anaongeza tena, na tena. Dawa ni kumwaga oili yote na kutia kwa ujazo uliotajwa na mtengenezaji wa injini ile, kisha kuchora alama mpya kwenye kijiti. La pili ni kile kivalvu kidogo na mpira wake vinavyopitisha mvuke wa ndani ya injini kwenda kwenye njia ya hewa. Kikiziba, au mpira ukifungwa vibaya, oili husukumwa nje kwenye sili au huvutwa na kuchomwa. Ni kifaa cha bei ndogo sana. Injini ngapi zimefunguliwa bure kwa sababu hiyo, Allaah Ndiye Anayejua. Na hata kabla ya hivyo viwili, atazame chini ya gari: oili inayovuja kwenye sili ya nyuma ya krenki haitoi moshi, inaacha doa tu.

Sasa tuje kwa fundi wa Sumbawanga aliyesema injini imechoka. Hatumtuhumu, lakini tunauliza alilinganisha na nini? Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Sisi watu wa visiwani tunaoishi usawa wa maji tunasahau kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Tulipofika tuliona baridi ya asubuhi ya mwezi wa Julai ikiwavalisha watu makoti mazito, na maji ya chai yakichemka kabla ya kufika moto wa kwetu, kiasi cha digrii 94. Mgandamizo wa hewa pale ni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko Dar es Salaam au Unguja. Na kompresheni ya silinda inatokana na hewa iliyoingia. Injini iliyosoma kilo 12 kwenye kipimo kule Dar es Salaam, ikipimwa Sumbawanga siku hiyo hiyo bila kuguswa, itasoma kama 9 na nusu hadi 10. Muuzaji akisema “nilipima ikatoa 12” na fundi akisema “nimepima imetoa chini ya 10”, wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na kati yao ndugu wawili wakagombana kwa sababu ya mlima.

Kipimo kinachofaa huko ni kulinganisha silinda kwa silinda. Zikikaribiana, hilo ni jema. Moja ikianguka peke yake, fundi atie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na apime tena. Ikipanda sana, kasoro iko kwenye ringi. Isipopanda, kasoro iko juu, kwenye valvu au gasketi. Lakini kompresheni nzuri haimaanishi kuwa ringi ya oili ni nzima. Ringi za juu hushika mgandamizo, ya chini kabisa ndiyo inayokwangua oili, nayo ikiganda kwa masizi kipimo hakitaiona. Injini za mtumba zilizokaa muda mrefu bila kuwashwa mara nyingi zina tatizo hili, na baadhi hufunguka zikipata oili safi na kubadilishiwa mapema mara mbili tatu.

Moshi nao una lugha yake, na njia za Ufipa ni mahali pazuri pa kuisoma. Kutoka uwandani kuteremka bonde la Rukwa kupitia Ntendo hadi Muze, gari inashuka kuelekea ziwa lililo kwenye mita 800 hivi, karibu mita 1,000 chini ya mji. Dereva mwema hashuki kwa breki peke yake, anaweka gia ndogo na kuachia pedali ya mafuta. Hapo injini ya petroli inazunguka kwa kasi ilhali mlango wa hewa umefungwa, na ndani hupatikana mvuto mkali unaonyonya oili kupitia sili za valvu zilizokauka. Akifika chini na kukanyaga mafuta, wingu la buluu hutoka nyuma, kisha hupungua. Huo ni ushahidi mkubwa juu ya sili za valvu, na vilevile moshi wa asubuhi wa dakika moja ukatoweka. Lakini moshi wa buluu unaoendelea muda wote gari inapopanda na mzigo unaelekea zaidi kwenye ringi. (Injini za dizeli hazina mvuto huo wakati wa kushuka, kwa hiyo dalili hii si yao. Wenye dizeli watazame turbo kwanza.)

Tofauti hii ina thamani ya fedha. Sili za valvu katika injini nyingi hubadilishwa bila kuishusha injini. Ringi zinataka pistoni zitolewe. Kijana anayeambiwa “injini yote ni taka” huenda anahitaji vipande vichache vya mpira. Na ajiulize pia kwa insafu: je, katika wiki tatu hizo sindano ya joto haijawahi kupanda? Rejeta ya zamani iliyoziba, ikafungwa kwenye injini mpya, gari ikapandishwa kutoka Muze na abiria wamejaa, inaweza kuzilegeza ringi kwa siku moja. Kasoro hiyo haitakuwa ya muuzaji.

Wafipa walikuwa wahunzi wakubwa kabla ya magari kufika nchi yao, na matanuri yao ya kuyeyushia chuma, marefu kumpita mtu, mabaki yake yangalipo uwandani. Hatukosi kuamini kuwa mafundi wazuri wapo pale. Tunachosema ni kuwa fundi aulizwe dalili na kipimo, asiulizwe maoni tu.

Tukija kwenye hukumu. Kukubalika kwa haki ya kurudisha kitu chenye aibu ni jambo lisilo na shaka katika Dini yetu, na kisa cha Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) kuingiza mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta umajimaji chini, kinajulikana na kila mtoto wa chuoni. Alimlaumu muuzaji kwa kutouweka umajimaji juu watu wauone. Aibu ni kila kinachopunguza thamani ya kitu au kinachoharibu lengo sahihi la kukinunua, iwapo kwa kawaida kitu cha aina hiyo hakina kasoro hiyo. Mtumba si mpya, na mnunuzi wa mtumba ameridhia uchakavu wa kawaida. Hajaridhia injini inayomaliza oili yake kati ya Sumbawanga na Laela.

Ama maandishi ya risiti, “mali ikishauzwa hairudi”, hayamwokoi muuzaji kama anavyodhani. Katika madhehebu yetu ya Shafi‘i, kauli yenye nguvu aliyoitaja Imaam an-Nawawiy katika Minhaaj ni kuwa sharti la kujitoa katika aibu humwokoa muuzaji kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, si kwa nyenginezo. Injini si mnyama. Basi aibu ya zamani ikithibiti, haki ya mnunuzi ipo pamoja na risiti ile.

Lakini mnunuzi naye ana masharti, na hapa vijana wetu wengi hupoteza haki zao. Haki ya kurudisha ni ya papo hapo tangu aibu inapojulikana. Mwenye kujua kisha akaendelea kukitumia kwa starehe zake, miezi miwili mitatu, huhesabiwa ameridhia. Kukitumia ili kukijaribu, kabla hujawa na yakini, si kuridhia. Kwa hiyo siku ile ya kwanza ya kushuku, kijana amjulishe muuzaji kwa simu na kwa ujumbe wa maandishi mbele ya mashahidi, amwambie “naipima kilomita 1,000”, kisha apime. Yakini ikipatikana, asiitie kazini tena.

Na asikubali injini ifunguliwe kabla ya muuzaji kujulishwa. Ikishafunguliwa mkononi mwa mnunuzi, imepata kasoro mpya, na muuzaji halazimiki tena kuipokea. Hubaki fidia ya upungufu, nayo ni kwa uwiano. Tuchukue mfano: injini kama ile ikiwa nzima ina thamani ya shilingi 1,000,000, na kwa aibu ile wajuzi wanasema 800,000. Upungufu ni moja ya tano. Kama ilinunuliwa kwa 900,000, muuzaji hurudisha moja ya tano ya bei, yaani 180,000. Au muuzaji akipenda huipokea kama ilivyo na kurudisha fedha.

Wakibishana, huyu anasema aibu ni ya zamani na yule anasema imezuka Sumbawanga, na yote mawili yanawezekana, kauli inayochukuliwa ni ya muuzaji kwa kiapo chake, isipokuwa mnunuzi akileta ushahidi. Ndipo ile karatasi ya vipimo, zile picha, na kauli ya mafundi waadilifu waliopima silinda kwa silinda zinapokuwa na uzito. Bila ya hizo, mwenye haki anaweza kushindwa.

Kuhusu kaka, yeye ni wakala, na wakala ni mwenye kuaminiwa. Halipi khasara ila ikithibiti amezembea au amekiuka aliloagizwa. Akinunua chenye aibu bila kujua, ununuzi unakwenda kwa aliyemwagiza, na wote wawili wana haki ya kurudisha. Hiyo ni neema kwa ndugu hawa, kwa sababu kaka aliye karibu na muuzaji anaweza kusimamia madai kwa niaba ya mdogo aliye mbali zaidi ya kilomita 1,000. Tuhuma ya kula tofauti ya bei bila ya ushahidi ni dhana mbaya kwa nduguye, na inatosha kaka kuonesha risiti. Tunamuuliza kaka pia: je, ulifungua kifuniko cha oili ukatazama matope meusi? Ulitoa plagi ukaona kama zimelowa oili? Ulitaka iwashwe? Ikiwa muuzaji aliruhusu na wewe ukaona uvivu, mwombe mdogo wako radhi kwa hilo. Na safari nyengine aweke sharti la khiyari kabla ya kulipa. Madhehebu yetu yanakomea siku tatu, ambazo huenda lori halijafika hata Tunduma, ila madhehebu ya Hanbali yanakubali muda mrefu zaidi ukiwa unajulikana, na wafanyabiashara waungwana wapo wanaokubali wiki mbili.

Limebaki swali la oili nzito. Kuitia kwa ajili ya kujisaidia mwenyewe, ikiwa ni daraja inayokubaliwa na kitabu cha injini hiyo, hakuna ubaya, ingawa asubuhi za baridi za Ufipa oili nzito mno huchelewa kufika juu ya injini, na hapo ndipo inapochakaa. Lakini kuitia, au kutia yale makopo ya kuzuia moshi, ili mnunuzi wa Mpanda au Namanyere aone bomba safi, ni haramu. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alikataza kumfunga chuchu ngamia au mbuzi siku kadhaa bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi, na akampa aliyedanganywa khiyari ya siku tatu. Hatuoni tofauti kati ya kiwele kile na bomba hili. Aiuze akitaka, kwa kusema “inakula kiasi hiki kwa kilomita 1,000”, na bei ishuke inaposhuka.

Kuna la haraka kuliko yote. Gari hiyo inabeba watu kwenye miteremko. Kati ya alama ya chini na ya juu ya kijiti mara nyingi ni kama lita moja tu. Injini ikikauka oili njiani Muze inaweza kukwama, na injini ikizima breki inakuwa nzito mguuni na usukani unakuwa mgumu. Kwa hiyo mpaka vipimo vikamilike, asishuke bondeni na abiria. Afanye njia ya tambarare, awe na lita mbili ndani ya gari, na atazame kijiti kila anapomaliza safari.

Mama yetu, tunakuomba uwaite wote wawili kwa simu moja. Mdogo aanze vipimo kesho na ampelekee kaka yake picha ya kwanza kabla hajawasha gari. Kaka amfikishie muuzaji taarifa siku hiyo hiyo kwa maandishi. Kilomita 1,000 zikitimia mtuandikie matokeo, na tukihitajika kuzungumza na muuzaji tuko tayari, In Shaa Allaah.

Na Allaah Anajua zaidi.